Niliahidi Tumbo la Achieng

Nyinyi mnaoanza kazi yangu, mnaobeba hiyo mikoba mipya yenye simu ndani, nawaandikia kabla sijasahau, na kabla hamjaanza kuniamini sana. Mimi niliishia darasa la saba kule Machakos. Kazi ya kugawa vidonge vya kupanga uzazi nilifunzwa kwa wiki chache tu, katika kliniki moja ndogo ya Kawangware, miaka ya tisini, nikaifanya Kibera mpaka magoti yakakataa vilima. Kila jioni niliandika kwenye daftari la shule nilichokosea siku hiyo. Madaftari ni mengi.

Watoto wa Kambi Muru, upande wangu wa Kibera, waliniita Mama Plani. Nikipita na mkoba wangu wa turubai walipiga mstari nyuma yangu wakiimba jina hilo, na mama zao, ambao wengine walikuwa wateja wangu wa siri, walijifanya hawanijui kabisa. Mmoja aliwahi kunifukuza kwa ufagio mbele ya majirani, halafu akanifikia huku chini kwa pumzi za juu juu akitaka pakiti yake ya mwezi.

Lakini kosa langu kubwa kuliko yote lilikuwa maneno mawili: mara moja. Nilimwambia Achieng, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, wa mtaa wa Sarang'ombe, kwamba siku akitaka mtoto wa pili aache sindano ya kupanga uzazi na mimba itaingia mara moja. Nilisema huku nikichagua omena, wala sikufikiri. Miezi minane baada ya sindano yake ya mwisho hakuwa ameona mwezi hata tone, na mama mkwe wake alikuwa ameshuka basi kutoka nyumbani kuja kutangaza kwamba mwanawe Odhiambo atatafutiwa mke wa pili. Nitafika huko. Kwanza niwaeleze vile nilikuwa naelewa kazi hii, kwa sababu bila hiyo hamtaona mahali nilipoteleza.

Aliyetufunza alikuwa Sista Njoki, muuguzi mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Chati yake ya mwili wa mwanamke ilikuwa imechanika hapo hapo kwenye mfuko wa uzazi, kwa hiyo alitutumia sisi. Alitusimamisha uani akampa kila mmoja kiungo. Mimi nilikuwa ovari ya kushoto, na nilisimama hapo kwa heshima nyingi.

Alituambia homoni ni ujumbe uliotiwa kwenye damu, na damu inapita kila mahali. "Sasa, ujumbe wa kutayarisha mimba unapita pia kwenye kidole cha mguu. Mbona kidole hakishiki mimba?"

Tulicheka mpaka aliyekuwa ovari ya kulia akatoka nje ya ua. Sista akangoja. Kisha akasema ni kwa sababu ujumbe haufanyi kitu mpaka ukutane na kipokezi chake. Kipokezi ni kitu kidogo kwenye seli, kimeumbwa kushika homoni ile na kuiacha nyingine ipite. Seli yenye vipokezi vingi inatii sana, yenye vichache inatii kidogo, isiyo navyo inaendelea na mambo yake. (Baadaye alinirekebisha kwamba ngozi nayo husikia kidogo, hata ya kidole, ila haina mahali pa kutandikia mtoto. Naandika ili nisiwadanganye.)

Nilirudi Kambi Muru nikiwaza. Alasiri hiyo mkokoteni wenye kipaza sauti ulipita ukitangaza mchango wa mazishi kwa Kijaluo. Mimi Mkamba nilisikia kelele, nikaendelea kuchambua maharagwe. Jirani yangu Mjaluo aliacha ndoo ikimwagika bombani akatoka mbio. Nikasema moyoni, ndiyo hiyo. Sauti ilikuwa moja, imepita milango yote, lakini mwenye kuijua lugha ndiye aliyesimama. Na Mama Nekesa, Mluhya wa mlango wa tatu, aliyekuwa ameishi na Wajaluo mpaka anaota kwa Kijaluo, alipoita "biuru", yaani njooni, walitoka kama wameitwa na dada yao. Dawa zetu ni Mama Nekesa. Hazikuzaliwa mwilini, lakini zinaiongea ile lugha vizuri hata kipokezi kinafungua.

Nilimpelekea Sista mfano huo nikiogopa. Alisema, "Ni mzuri. Lakini mtu hasahau lugha yake kwa wiki moja. Seli inaweza kusahau, na inaweza kujifunza tena."

Hapo ndipo nilijua kwamba vipokezi huongezwa na hupunguzwa. Mimi nilikuwa nadhani viko tu, kama meno. Kumbe homoni ya kwanza ya mwezi, ile inayotandika ukuta wa tumbo, inaongeza pia vipokezi vya homoni ya pili, ili huyo wa pili akija apate wa kumsikiliza. Naye wa pili akishafika anapunguza vipokezi vya yule wa kwanza. Nilipomsimulia Mama Nekesa alisema hao si homoni, hao ni wake wenza.

Na ubongo, Sista alisema, unaanzisha yote kwa kunong'ona. Unanong'onea tezi moja ndogo kama punje ya haragwe iliyo chini yake, unanyamaza, unanong'ona tena. Ukifanywa upige kelele bila kupumzika, tezi inaondoa vipokezi vyake na kuwa kiziwi. Hili sikuliamini mpaka mhubiri fulani alipofungua spika yake karibu na reli. Siku ya kwanza nilikaribia kuokoka mara mbili. Kufika siku ya tano nililala usingizi wa mchana mdomo wa spika ukiwa dirishani. Lakini muuza mafuta ya taa aligonga debe mara tatu, akanyamaza, na kila mwanamke alitoka na chupa. Tangu siku hiyo nilifundisha hivyo: ubongo ni muuza mafuta ya taa.

Mifano hii ni yangu. Ikiwa imepinda, msimlaumu Sista.

Ilinisaidia lakini. Kulikuwa na ndugu wawili wa Kitui waliogawana pakiti moja ya vidonge kama walivyogawana mwavuli: mkubwa Jumatatu hadi Jumatano, mdogo siku zilizobaki. Walinieleza kwa fahari kwamba hawapotezi kitu. Kulikuwa na mwingine aliyemeza saba siku ya kwanza "ili awe mbele". Huyo nilimwambia vipokezi vina idadi. Vikishajaa, kidonge cha saba kinaenda kutafuta kazi kwenye kutapika. Alikubali, kwa kuwa alikuwa ametapika tangu asubuhi. Ndugu wa Kitui niliwaambia ujumbe ukikatika siku nne ubongo unadhani njia ni nyeupe. Mdogo akamtazama mkubwa. "Si nilikuambia tununue mwavuli mwingine."

Sasa turudi kwa Achieng.

Alinipata kwangu asubuhi, beseni la omena kichwani, hakulitua.

"Sasa Mama Plani."

"Poa, Achieng. Karibu."

"Sikaribii. Ulisema mara moja. Hiyo moja yako iko wapi?"

Nilimwambia atulie. Alisema mama mkwe wake yuko kwake tangu Ijumaa, na tangu Ijumaa hajamwita kwa jina. Kwamba amesema damu ya miezi minane imejaa tumboni na karibu ipande kichwani. Kwamba nyumbani kuna msichana ameshaonwa, mwenye mwili, na mwisho wa mwezi mama mkwe huyo anaondoka kwenda kumleta. "Nina mtoto mmoja, ana miaka sita. Akija huyo mwingine mimi nitakuwa mgeni kwa kitanda nilichonunua na samaki," alisema. Hakulia. Afadhali angelia.

Tulikwenda pamoja Sarang'ombe. Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni, anaitwa Nyar Gem kama wanavyoitwa akina mama wa kwao kwa jina la walikotoka. Msimchukie. Alikuwa amezika watoto watatu, Odhiambo ndiye aliyebaki, na mtu aliyezika anahesabu wajukuu kwa namna yake. Hata mimi ningehesabu.

"Wewe ndiye yule Mkamba amefunga tumbo la mke wa mwanangu?"

"Sikumfunga, mama."

"Basi mfungue."

Majirani waliokuwa wakifua waliacha kusugua. Nikaona nikianza kwa maneno ya kliniki nitapigwa kwa karai. Nikakumbuka Sista na ua wake. Nikasema, "Mama, nipe dakika chache na hawa wanawake. Nitakuonyesha tumbo la Achieng likiwa limesimama hapa nje."

Nyar Gem akauliza, "Mimi nitakuwa nani?"

"Ubongo."

"Ubongo wa nani?"

"Wa Achieng."

"Yawa," alisema, akajipangusa mikono. "Angalau sasa atafikiri."

Plot yote, wapangaji wa ua mzima, ilivunjika kwa kicheko, na Achieng naye, mara ya kwanza wiki hiyo. Nilimweka jirani mnene aitwaye Mama Adhis awe tezi, karibu na Nyar Gem. Achieng akawa ovari yake mwenyewe. Wawili walishika blanketi wawe ukuta wa tumbo. Ubongo unanong'ona, tezi inasikia, inamwita Achieng, Achieng anawaambia wa blanketi watandike. Mwezi ukiisha bila mtoto, blanketi linakunjwa na kutolewa nje, na hiyo ndiyo damu. Wakafanya mara ya kwanza polepole. Mara ya pili Nyar Gem alinong'ona kitu kwenye sikio la Mama Adhis ambacho hakikuwa cha hedhi kabisa, na Mama Adhis akashindwa kumwita Achieng kwa kucheka.

Kisha nikaleta stuli nikaketi katikati. "Mimi sasa ni sindano," nikasema. "Ninaongea ile lugha ya homoni ya pili. Vipokezi vya ubongo vinanisikia. Nakuambia, mama, hakuna haraka, ngoja."

"Mimi siambiwi ngoja kwa mji wangu."

"Leo unaambiwa." Akanyamaza, kwa shida. Tezi ikakosa cha kusikia, Achieng akafumba macho akalala kwa kusimama. Na wale wa blanketi nikawaambia, nyinyi mimi nimewapunguzia masikio ya kusikia neno "tandika", na neno lenyewe linalowafikia ni dogo kwa kuwa Achieng amelala, kwa hiyo mnakaa na blanketi limekunjwa.

"Sasa mama, niambie damu iliyojaa iko wapi."

Aliangalia blanketi. Akaligusa. "Haikutandikwa," alisema.

"Haikutandikwa."

"Basi hakuna ya kutoka."

Nilijisikia profesa. Wanawake walipiga makofi, mmoja akaniletea maji. Nikiwa nimeinua kikombe, Nyar Gem alisema kwa sauti ya upole sana:

"Nyar Kamba. Hiyo sindano ni ya miezi mitatu. Leo ni ya nane. Huyu mtu kwenye stuli anafanya nini bado?"

Nikashusha kikombe. Kwa kweli sikujua. Ningeweza kutunga, nilikuwa na mkoba na nilikuwa nimepigiwa makofi. Nilisema, "Mama, hapo sijui. Nitakwenda kuuliza."

"Enda," alisema. "Mimi niko hapa mpaka mwisho wa mwezi."

Nilitembea hadi Kawangware kwa hasira yangu mwenyewe. Sista Njoki alikuwa akichemsha vyombo. Nilimweleza. Hakugeuka.

"Ulimwambia mara moja? Nani alikufunza hiyo?"

"Wewe, Sista. Ulisema mtu akiacha anarudi upesi."

"Nilisema hiyo kuhusu nini?"

Nikafungua daftari nililokuja nalo. Nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu: vidonge. Kidonge kinamezwa leo kesho kimekwisha, vipokezi vinaachwa, ubongo unaanza kunong'ona. Mimi nilikuwa nimelichukua jibu la kidonge nikalivisha sindano. Sista alinieleza kwamba sindano ile inalala ndani ya nyama kama bonge na kuvuja kidogo kidogo. Miezi mitatu ni muda tunaokuwa na hakika inalinda. Hiyo haina maana siku ya tisini imefunga mizigo imeondoka. Inaendelea kuvuja, inaendelea kukaa kwenye vipokezi, kila wiki vichache vinaachwa. Kwa wengine inachukua miezi michache kupita hapo, wengi inakaribia mwaka tangu sindano ya mwisho, wengine inapita mwaka. Halafu mwili unarudi ulivyokuwa.

"Haikuharibu kitu," alisema. "Lakini wewe umeharibu. Mlete Achieng nimpime, tuhakikishe hakuna jambo lingine. Na rudi ukamwambie yule mama ukweli."

"Nikimwambia inaweza kupita mwaka, ataenda kumleta yule msichana."

"Anaweza."

"Si afadhali nimwambie ni mwezi mmoja, angoje?"

Hapo aligeuka. Sitaandika uso wake. Aliniuliza tu, "Na mwezi ukiisha?"

Achieng alipimwa, hakuwa na mimba wala ugonjwa. Siku iliyofuata nilisimama mbele ya mlango ule, Odhiambo akiwepo, ametoka kwenye useremala wake na vumbi la mbao kwenye nyusi. Nikasema yote. Kwamba nilikosea. Kwamba Achieng hakudanganya mtu, alibeba maneno yangu. Kwamba stuli inaachwa polepole, na sina tarehe ya kuwapa.

Hakuna aliyepiga makofi. Nyar Gem alimtazama mwanawe. Odhiambo alisema, "Mama, mimi nilioa Achieng. Sikuoa kalenda."

"Wewe nyamaza, unaongea kama mtu aliyeshiba." Kisha akanigeukia. "Siku ile ungeniambia wiki mbili, ningekubali. Kwa nini hukusema?"

"Kwa sababu sijui kama ni wiki mbili."

Alivuta kitambaa chake cha kichwa mbele, akakirudisha nyuma. Akasema maharagwe yake kule nyumbani bado yana maua. Atabaki hapa mpaka yawe tayari kuvunwa, zaidi ya ule mwisho wa mwezi aliousema. Yakiwa tayari atakwenda kuyavuna, na akirudi atarudi na msichana, au atarudi peke yake. Hiyo ilikuwa hukumu, na nadhani ilikuwa ya haki kuliko niliyostahili.

Miezi hiyo sikuwa mtu. Mnajua kusubiri mimba yako. Jaribuni kusubiri hedhi ya mwingine. Niligawa vidonge, na kila nyumba nilisema ukweli mrefu mpaka wakachoka. Nilipita Sarang'ombe nikijifanya nataka omena. Achieng alitikisa kichwa kabla sijauliza. Nilinunua omena nyingi sana kipindi hicho; mume wangu aliuliza kama tumehamia ziwani.

Maharagwe yakakomaa. Asubuhi ya safari nilikwenda kuaga, kwa adabu tu. Begi la Nyar Gem lilikuwa mlangoni limefungwa kwa kamba. Mwenyewe alikuwa ameketi juu yake, amevaa viatu, anakunywa chai kama mtu asiye na basi.

"Umechelewa," aliniambia.

Ndani ya nyumba Achieng alikuwa akiimba, na nje kwenye kamba kulikuwa na kitambaa kimefuliwa, kinadondosha maji, kimeanikwa mbele kabisa ambapo hakuna mwanamke yeyote mwenye akili angeanika kitambaa cha namna hiyo.

"Nimemwambia aanike hapo," Nyar Gem alisema. "Wote wasome."

Mama Adhis alitoka, akaona kamba, akatupa sufuria akaanza kucheza. Wale wa blanketi wakatoka. Wanaume waliokuwa wakipita kwenda kazini walisimama kuuliza ni arusi ya nani. Hakuna aliyewajibu, tulikuwa tunashangilia hedhi, na mimi nilicheza mpaka mkoba ukafunguka vidonge vikamwagika kwenye tope.

Nyar Gem alikwenda kuvuna. Alirudi peke yake, na gunia la maharagwe, akanipa nusu debe bila kusema ni la nini. Sikuuliza. Miezi miwili baadaye Achieng aliacha kuuza omena kwa sababu harufu ilimgeuka, akawa anatapika kwa furaha.

Mtoto alikuwa mvulana. Nawaambia kwa haki kwamba angeweza pia kuzaliwa bila mimi. Sindano iliisha kwa muda wake, sikuiharakisha hata siku moja. Nilichofanya ni kusema uongo na kisha kuuondoa.

Mtoto alipofika wiki sita walikuja kliniki ya Kawangware wote watatu, mtoto, Achieng, na Nyar Gem mbele.

"Mdunge," aliniambia.

"Mimi sidungi, mama. Ni Sista."

"Basi amdunge. Apumzike, mwili wake si jembe." Kisha akainua kidole. "Lakini wewe usimweleze kitu. Nitaeleza mimi."

Akawageukia wanawake waliokuwa kwenye benchi wakingoja zamu, wasiomjua kabisa, akawaambia wanyamaze. Akaanza: kwamba hii dawa inaingia haraka na kutoka polepole, kwamba inakalia masikio ya ubongo, kwamba blanketi halitandikwi kwa hiyo damu haijai mahali, kwamba atakayeambiwa mara moja amkatae aliyemwambia. Alisema kwa Kiswahili chake cha kuvunja miti, na benchi zima lilimsikiliza kuliko lilivyowahi kunisikiliza mimi.

Alikosea mahali pamoja. Nilingoja amalize, nikamrekebisha kwa heshima. Naye akanirekebisha mara mbili, na mara zote mbili alikuwa sawa.